Miguu ya Emmett

Mtu wa kwanza kupiga kelele alikuwa Rhoda. Wa pili alikuwa Bibi Louisa, na kelele zake zikazimeza zile za Rhoda. Hattie alikuwa hemani akimgeuza bata bukini aliyening'inizwa kwa uzi mbele ya moto, akadhani dubu ameingia kambini. Alitupa kijiti chake, akachomoka nje na aproni yake ya mafuta, na alichokikuta huko kilimtisha kuliko dubu yeyote.

Mjukuu wake Emmett, kijana wa miaka kumi na sita mwenye mabega ya kuziba mlango, alikuwa amechuchumaa kwenye theluji, mikono kainyoosha mbele, anacheka. Mbele yake alisimama Tessie, binti wa Rhoda, mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka na nusu, amevaa buti zake za mpira za rangi ya waridi. Tessie alikuwa anatembea. Hatua, akayumba, hatua nyingine, akajishangaa, hatua tena. Na hatua zote hizo alizipiga nje, juu ya ardhi, mchana kweupe, mbele ya kambi nzima.

"Mwone, Bibi!" Emmett aliita. "Peke yake! Wala sijamshika!"

Hakuna aliyepiga makofi. Rhoda alimnyakua mtoto kama mtu anayemtoa motoni, akambana kifuani, na Tessie, aliyekuwa kwenye raha zake, akaangua kilio.

"Emmett, umemweka chini?" Rhoda alisema. "Umemweka chini *nje*?"

"Alitaka kushuka, shangazi. Nilikuwa nimembeba, akaanza kupiga mateke, nikasema basi acha..."

"Keshokutwa ndiyo anatolewa nje! Keshokutwa! Tumembeba tangu azaliwe, mgongo wangu umekwisha, na wewe unamweka chini siku mbili kabla!"

Emmett alimtazama Rhoda, kisha akamtazama bibi yake, kisha akatazama alama ndogo za buti kwenye theluji. Hakuelewa hata kidogo. Kwa watu wa kambi ile, wenyeji wa asili wa misitu ya kaskazini, mtoto hakanyagi nje mpaka siku yake ifike. Ndani ya nyumba atatambaa, atatembea, atapanda meza akitaka, lakini akivuka mlango anabebwa, hadi asubuhi ile atakayovishwa viatu vya ngozi, ashikwe mkono, atoke hemani jua likichomoza, auzunguke mti, arudi na mzigo wake kwa wazee. Kuanzia hapo ardhi inamjua. Watoto wa kambi ile huyajua hayo kabla hawajajua kuhesabu.

"Atajuaje huyo?" alisema Bibi Louisa, dada mkubwa wa Hattie. Kwa vile masikio yake yalikuwa mabovu, aliamini ya watu wote ni mabovu, na alisema ili asikiwe mpaka upande wa pili wa ziwa. "Yeye mwenyewe hajatolewa nje!"

Vijana walioletwa kambini na Mpango wa Afya walikuwa wamekaa juu ya magogo wakinywa chai. Wote walisikia. Hattie aliona vichwa vyao vikigeuka kwa pamoja, akatamani theluji immeze.

"Kweli, Bibi?" Emmett aliuliza.

Hattie alikuwa amepata miaka miwili ya kumwambia, tangu kijana aliporudi kutoka Ottawa alikopelekwa na watu wa serikali wa ustawi wa watoto akiwa bado ananyonya. Kila alipotaka kuanza, alijikuta anamuuliza kama ameshiba.

"Kweli," alisema.

Mambo yangeishia hapo kama si Clifford, mmoja wa vijana wale, ambaye mdomo wake haujui kukaa bure. "Jamani! Golikipa wetu hajatolewa nje! Sasa nani alikuwa anambeba mpaka golini?"

Mmoja alicheka, akafuata wa pili, na magogo yote yakacheka. "Njoo Emmett, tukubebe!" "Nepi ya saizi yake mtaipata wapi?" Emmett naye alicheka, cheko la midomo tu, huku uso umemshuka. Kisha aligeuka akaanza kupanda kilima, kule ambako simu hushika mtandao ukisimama upande mmoja wa jiwe.

*

Janie alipuliza filimbi. Alikuwa ndiye msimamizi wa Mpango wa Afya ya Vijana, mwanamke wa kijiji hichohicho, bado hajafika thelathini, na bila yeye nusu ya watu wa kambi ile wangekuwa wamekaa nyumbani wakisikiliza bingo kwenye redio. Ni Mpango uliotoa mahema, majiko ya bati, petroli na gari la kuwaleta watu porini msimu wa bata bukini, wazee na vijana pamoja. Hattie, ambaye pikipiki yake ya theluji ilikufa zamani, aliushukuru Mpango kila alipokula. Ila kwenye suala la filimbi alikuwa na maoni yake.

"Tukae kwenye mduara," Janie alisema. "Limetokea jambo. Tulizungumze."

Walikaa. Janie alitoa jiwe laini alilolipata kwenye semina, likaanza kupita mkono kwa mkono. Aliyeshika jiwe ndiye anayesema anavyojisikia. Jiwe lilizunguka haraka sana, kwa sababu kila aliyelipata alilipitisha kama limetoka motoni. Clifford alilitazama kwa muda, akaonekana anataka kusema kitu, akampa jirani yake. Hatimaye likamfikia Bibi Louisa.

"Unajisikiaje, bibi?" Janie aliuliza kwa upole.

"Najisikia njaa," Bibi Louisa alisema, akalitia jiwe mfukoni.

Watu walipotawanyika, Janie alimvuta Hattie pembeni, karibu na rundo la kuni. Alikuwa anatafuna kucha.

"Shangazi, sijui nikuambieje. Emmett ameshuka kilimani mara moja, akaniomba lifti. Jumamosi asubuhi, mpaka barabara kuu, apande basi. Mama Pauline wa Ottawa, mlezi wake, anamkatia tiketi."

"Jumamosi ndiyo siku ya Tessie."

"Ndiyo."

"Anakwenda kutembea au anakwenda kabisa?"

Janie alitazama chini. "Hakusema kutembea."

Hattie alichukua kuni moja, akairudisha palepale ilipokuwa. "Na wewe umemjibu nini?"

"Nimesema nitampeleka. Ningesema nini, shangazi? Mpango ni wa hiari. Siwezi kumfunga kamba."

Hakuna mtu kwao anayefungwa kamba, Hattie alilijua hilo vizuri kuliko Janie. Kijana anayeweza kumwangusha bata haambiwi akaishi wapi. Lakini alishampoteza mtoto huyu mara moja, akiwa mdogo wa kubebwa kwa mkono mmoja, na hakuwa na nguvu za kumpoteza tena akiwa mkubwa hivi.

*

Katika hema la Bibi Louisa kesi ilikuwa inaendelea. Rhoda alikuwa analia, Tessie amelala mapajani mwake, na Redfern, mume wa Rhoda, mtoto wa Hattie na mjomba wa Emmett, alikuwa anazunguka na kofia mkononi kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Bibi Louisa ndiye aliyekuwa anaongoza sherehe zile. Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema mwakani ni mwakani.

"Zilikuwa hatua chache tu, mama mkubwa," Redfern alisema. "Hata hazikufika kwenye kuni."

"Chache au nyingi, mguu ni mguu," alisema Bibi Louisa. Aliinywa chai yake yote kabla hajaendelea, makusudi. "Alikuwa amevaa nini?"

"Buti zake hizi," Rhoda alisema, akafuta kamasi.

Bibi Louisa aliichukua buti moja, akaigeuza juu chini, akaigonga soli kwa ukucha. "Mpira. Wa dukani." Alifikiri. "Basi mtoto hajakanyaga. Iliyokanyaga ni buti. Jumamosi iko palepale."

Rhoda alimbusu mkono. Redfern alivaa kofia, akavua tena kwa furaha. Hattie, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliinua kichwa.

"Dada," alisema, "hebu rudia hapo."

"Wapi?"

"Pale kwenye mpira."

"Nimesema buti ya dukani haihesabiki. Ardhi inajua ngozi. Mbona unanikodolea macho?"

"Emmett maisha yake yote amevaa viatu vya dukani."

Walimgeukia wote. Redfern ndiye aliyeanza kucheka, kidogokidogo, kwa pua.

"Hattie," Bibi Louisa alisema, "yule ana ndevu."

"Ndevu tatu. Nimezihesabu."

"Hajawahi kutembea peku? Miaka yote hiyo?"

"Niliiona miguu yake alipokuwa anakausha soksi," Redfern alisema. "Laini kama ya askofu. Haijawahi kuonja hata changarawe, hiyo."

"Mimi sijapata kuona jambo hilo," Bibi Louisa alisema. "Jitu kama lile lije lisimame na watoto wa kunyonya. Na hiyo sheria ya viatu umeitunga sasa hivi."

"Nusu umeitunga wewe. Mimi nimeimalizia tu. Au unataka tuirudie kesi ya Tessie?"

Rhoda alimkumbatia mtoto haraka. Bibi Louisa alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, na Hattie hakuinamisha macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya dada yake tangu wakiwa wasichana. Kisha mabega ya yule mzee yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akalazimika kuyashika meno yake ya bandia.

"Haya," alisema akipangusa machozi. "Haya, mshenzi wewe. Lakini asivae viatu vya dukani siku hiyo. Na abebwe, asiguse chini mpaka mlangoni pangu. Na yeye mwenyewe akubali. Simburuti mtu."

Hapo Hattie aliacha kucheka.

*

Kilima kile si kirefu, lakini magoti ya Hattie yalikuwa na hesabu zake. Alimkuta Emmett amekaa juu ya jiwe, simu kaishikilia juu kana kwamba anaipungia ndege. Mbali, juu ya barafu ya ziwa, bata bukini walikuwa wanapita kwa mistari na kelele zao, na hakuna aliyekuwa anawatazama.

"Mama Pauline anasema chumba changu bado kipo vilevile," Emmett alisema bila kugeuka.

Wivu ulimchoma Hattie, akaumeza. Yule mama alimlea mtoto vizuri, alimfundisha kufua soksi na kusema asante. Hakuwa na la kumlaumu, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Mbona hukuniambia, Bibi?"

"Niliona aibu."

"Ya nini? Si wewe uliyenipeleka."

"Nilikuwa nimekushonea viatu," Hattie alisema. "Ulipozaliwa tu, nilivianza. Vina shanga za bluu. Vilikuwa tayari kabla hujaota jino. Wakaja wakakuchukua, mimi nikabaki navyo kabatini. Mwishowe nikampa mtoto wa jirani. Nilishindwa kuviangalia."

Emmett alishusha simu. Kisha Hattie alimsimulia kesi ya buti, yote, na ukucha wa Louisa, na miguu ya askofu, na alipofika kwenye meno ya bandia aliona pembe ya mdomo wa kijana inacheza.

"Kwa hiyo wanataka nitolewe nje. Pamoja na Tessie."

"Wanakubali. Anayetaka au asiyetaka ni wewe."

"Watacheka, Bibi."

"Watacheka mpaka mbavu ziwaume. Mimi mwenyewe nitacheka. Wewe unajua ukubwa wako?"

Alicheka bila kutaka, akajifuta pua kwa mkono wa jaketi. "Ottawa hakuna anayenicheka."

"Kwa nini?"

"Hakuna anayenijua." Alisema hivyo, akageuka kama mtu aliyesikia mwingine akisema.

Hattie alitaka kumwambia abaki. Neno lilimfika kwenye meno, tamu, tayari kutoka, na alilibana humo. Akilisema, na kijana akabaki kwa ajili ya neno hilo, atakuwa amebaki kwa kumhurumia bibi yake, na kijana hawezi kuishi kwa kazi hiyo.

"Nipe mguu," alisema badala yake.

"Wa nini?"

"Nipe mguu, bwana, magoti yanauma."

Emmett alivua buti na soksi. Hattie alimshika kisigino, akatandaza vidole, akapima shibiri. Moja, na nusu ya nyingine.

"Mungu wangu," alisema. "Nilitegemea mtoto, nimepewa mtumbwi. Haya. Mimi nashuka kushona. Ukivitaka, utavikuta. Usipovitaka, nitapandia maua."

*

Tatizo lilikuwa ngozi. Hattie alikuja kambini na kipande cha ngozi ya musi, yule kulungu mkubwa kama farasi, cha kutosha viatu vya Tessie na labda kidole gumba cha Emmett. Ijumaa asubuhi habari ikazunguka mahemani, na wanawake wakaanza kuleta walichonacho. Rhoda alifumua glavu za Redfern, naye Redfern akashinda mikono mifukoni siku nzima. Mmoja alileta mfuko wa zamani wa tumbaku, mwingine kiraka cha koti. Bibi Louisa alikuja wa mwisho, na ala ya bunduki ya marehemu mumewe, iliyolainika kwa miaka ya kushikwa. Aliiweka mapajani mwa Hattie, akampokonya sindano.

"Mguu wa kushoto ni wangu. Wewe mishono yako mipana, itapitisha maji."

"Na yako imejikunja kama uso wako," Hattie alisema, akatafuta sindano nyingine.

Walishona wakibishana. Shanga ndizo zilizowashinda. Macho ya wote wawili hayakuweza tena kuliona tundu la sindano. Janie aliyaona hayo, akaitazama ratiba yake iliyosema mduara wa hisia saa nne, akaikunja. Aliwaita vijana.

Walikuja kwa kusitasita, wakakaa juu ya matawi ya msonobari yaliyotandikwa sakafuni. Clifford alipewa uzi na kopo la shanga, na ikaonekana kwamba mikono yake ni myepesi kuliko mdomo. Kwanza walitaniana. "Hivi ni viatu au mahema?" "Tukimaliza tutalala humo." Kisha utani ukapungua wenyewe, mikono ikiendelea. Msichana mmoja alisema shule ya mjini wanamwita jina baya, hakuwahi kumwambia mtu. Na Clifford, macho yakiwa kwenye shanga, alisema tangu kaka yake ahame hawezi kulala bila kuwasha televisheni. Hakuna aliyemtaka aendelee. Bibi Louisa alimsogezea sahani ya mkate wa kukaanga.

"Mimi ndiye niliyeanza kumcheka," Clifford alisema baadaye.

"Tulisikia," alisema Bibi Louisa. "Hata mimi nilisikia. Bluu sasa, si nyekundu."

Janie alikaa mlangoni. Alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke kwenye fungu gani la ripoti.

Emmett hakuingia. Hattie alimwona mara mbili kupitia uwazi wa hema akipita na vitu vyake: mara ya kwanza taulo, mara ya pili begi. Jioni viatu vilikuwa tayari. Vilikuwa na rangi nne za ngozi, cha kushoto mishono midogo kama punje za mtama, cha kulia mishono ya kawaida ya binadamu, na maua ya shanga yaliyopinda pale Clifford alipoanzia, yakanyooka kadiri alivyozoea. Hattie hakuthubutu kuvipeleka mwenyewe. Alimtuma Redfern aviweke kando ya kitanda cha kijana na asiseme kitu, na kwa Redfern kutosema kitu ilikuwa adhabu kubwa.

*

Jumamosi anga lilikuwa safi, baridi ya kubana pua. Njia ilikuwa imetandikwa matawi mabichi ya msonobari kutoka mlango wa hema kubwa, uliotazama mashariki, mpaka kwenye mti mdogo na kurudi. Ndani walikaa wazee kwa mduara, na Tessie katikati yao, amevaa viatu vyake vipya na kofia yenye manyoya, akijaribu kula kishikizo chake. Kila mtu alikuwepo isipokuwa mmoja. Pembeni mwa kambi gari la Janie lilikuwa linaunguruma, linapashwa moto.

Clifford aliingiza kichwa. "Bado yumo hemani. Begi limefungwa."

"Jua halisubiri," Bibi Louisa alisema, lakini hakuinuka.

Hattie alitoka. Alitembea hadi hema la vijana, akasimama nje ya turubai. Hakuita. Miguu yake ilikuwa baridi. Aliitazama zipu ya mlango, akajiambia kwamba ikifunguka na kijana akatoka na begi, atambusu, atampa mkate wa njiani, na atalia baadaye, mahali pengine.

"Bibi? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nina tatizo."

"Sema."

"Nimevaa viatu."

Hattie alishika kamba ya hema. "Vinabana?"

"Havibani. Ila sasa nitafikaje huko? Si sitakiwi kukanyaga?"

Hattie alifungua mdomo. Sauti ilikuja yote kwa pamoja. "REDFERN!" aliita, na kunguru wote wa kambi wakaruka. "Redfern! Clifford! Njooni mumbebe!"

Walikuja mbio. Redfern alimshika makwapani, Clifford na vijana wengine watatu wakagawana miguu, na Emmett akatoka hemani chali, mrefu kama gogo, akicheka na kulalamika. Walipofika katikati ya kambi, kijana mmoja aliteleza kwenye barafu na msafara wote ukayumba.

"Msimwangushe!" alipiga kelele Bibi Louisa kutoka mlangoni. "Akigusa, tutasubiri miaka kumi na sita mingine, na mimi sina!"

Watu walivunjika mbavu. Walicheka wakishikana, walicheka mpaka wakakaa kwenye theluji, na Hattie alicheka kuliko wote, machozi yakimganda mashavuni. Emmett aliwatazama kutoka huko juu, kichwa kikining'inia nyuma, na aliona kwamba wote waliokuwa wanacheka walikuwa wameinyoosha mikono, tayari kumdaka.

Ndani walimsimamisha juu ya matawi. Redfern alimpa bunduki ya mbao aliyoichonga, iliyofaa mtoto wa miaka miwili, na mikononi mwa Emmett ilionekana kama kijiko. Tessie alipewa kishoka chake. Mtoto alipaswa kushikwa mkono na mama yake, lakini alipomwona Emmett alimwachia Rhoda, akaenda akamshika kidole, akakivuta kuelekea mlangoni.

"Mwache," Bibi Louisa alisema. "Huyu anajua njia."

Wakatoka hivyo jua likichomoza, Emmett kainama nusu ili kidole kifike, akipiga hatua ndogondogo za kumfuata Tessie. Walikwenda mpaka kwenye mti. Tessie alilipiga tawi kwa kishoka mara moja, akaridhika. Emmett alimlenga bata wa bandia aliyewekwa pale, na nyuma yake Clifford akapiga kelele "Pa!" kwa niaba ya bunduki. Redfern akamtilia bata wa kweli kwenye mkoba mgongoni, wakarudi. Emmett alitazama chini njia nzima. Kupitia ngozi ile laini alihisi kila tawi, na chini ya matawi theluji, na chini ya theluji kitu kigumu, kilichotulia.

Waliuzunguka mduara wa wazee, na kila mzee aliwabusu wote wawili, Tessie kwa kuinama, Emmett kwa kuvutwa shingo. Alipofika kwa Hattie alivua mkoba, akamweka bata mapajani mwake. Alikuwa ameandaa maneno, bila shaka, kwa lugha ya nyumbani ambayo bado ilimpa shida, lakini yalimpotea.

"Bibi, huyu wako," alisema tu.

Hattie alimshika uso kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza hakumuuliza kama ameshiba.

Chakula kiligawiwa. Bata waliochomwa, mkate wa kukaanga, uji wa samaki, chai. Watu walikuwa wanaongea wote kwa mpigo wakati Bibi Louisa alipogonga kikombe chake kwa kidole na kumtazama Emmett, aliyekuwa ndiyo kwanza ameinua paja la bata kulipeleka mdomoni.

"Wewe. Moto huu unakufa. Unangoja Tessie akalete kuni?"

"Mimi, bibi?"

"Kuna mwingine aliyetolewa nje leo mwenye mikono mirefu? Inuka. Na ulete kavu, si zile za juu."

Emmett aliweka paja chini. Alijifuta mikono kwenye suruali, akainama mlangoni, akatoka peke yake, hakuna aliyembeba wala kumshika kidole. Hattie, ndani, aliacha kutafuna. Alisikia viatu vikipita juu ya matawi, kisha gari likisogea, kisha dirisha likishushwa, na sauti ya Janie.

"Emmett, kama ni basi, ni sasa hivi. Tunaondoka au vipi?"

"Siwezi, dada," kijana alisema, na alishaanza kuondoka. "Nimetumwa kuni."